Safari ya Izia: Mbolea ya Nafuu na Daftari la Wakulima



Katika Mkutano Mkuu uliopita liliulizwa swali ambalo Kamati haikuweza kulijibu papo hapo. Mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alisimama nyuma kabisa karibu na mlango akasema: wakati wa maradhi ya UVIKO-19 twasikia nchi za watu wakulima walipewa fedha mikononi, je, sisi tulipewa nini, na ikija balaa nyingine tutapewa nini? Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, maana swali lile lilikuwa la haki. Katibu aliahidi kulijibu katika kurasa hizi. Ahadi ni deni, nasi leo twalipa.

Tuanze na hizo nchi za watu. Ni kweli walipewa. Huko Marekani, mwezi wa Aprili 2020, Wizara yao ya Kilimo ilitangaza dola bilioni 16 za kulipwa wakulima moja kwa moja kwa sababu bei za mazao na mifugo zilikuwa zimeanguka. Septemba ya mwaka ule ule ukatangazwa mpango wa pili wa dola zipatazo bilioni 14. Lakini malipo yale yalipimwa kwa wingi wa mali aliyokuwa nayo mtu, basi mwenye kingi akapata kingi, na mwenye haba akapata haba. Machi 2021 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwafutia madeni wakulima weusi na wengineo waliokuwa wamebaguliwa miaka mingi, fungu la dola zipatazo bilioni 4. Wakulima weupe wakaenda mahakamani, malipo yakasimamishwa, na Agosti 2022 kifungu kile kikafutwa na kuwekwa kingine mahali pake. Huo ndio utajiri wa watu. Nao una kelele zake.

Jirani zetu wa Kenya nao walijaribu kwa namna yao. Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi za kwao bilioni 3 za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000, wazipate kwa hati za kwenye simu, na bilioni 1.5 nyingine za kuwasaidia wakulima wa maua na mboga waliokuwa wakiuza ng'ambo, ambao ndege zao zilikuwa zimesimama.

Na huku kwetu? Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Skuli zilifungwa, wageni wa hoteli wakakatika, lakini watu hawakufungiwa majumbani, na mkulima aliendelea kwenda konde. Fedha zenyewe zilikuja baadaye. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25, na tarehe 10 Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Dodoma mpango wa kuzitumia, shilingi trilioni 1.3, ambazo katika hizo bilioni 230 zilikuwa fungu la Zanzibar. Bara yalijengwa madarasa 15,000, pamoja na visima, vyumba vya wagonjwa mahututi na mengineyo. Visiwani zilijengwa skuli na hospitali za wilaya, na sehemu ya fungu iliwafikia wajasiriamali wadogo, wavuvi na wakulima wa mwani. Ni mambo mema, wala hatuyabezi. Watoto wetu wanasoma humo na wake zetu wanajifungua humo. Ila katika wanachama wetu hatujamwona hata mmoja aliyepewa kitu kwa jina la karafuu.

Kwa hiyo jawabu fupi la swali la mzee wetu ni hili: mkulima wa Tanzania hakulipwa fedha mkononi kwa ajili ya maradhi yale. Nafuu ilipomfikia ilikuja kwa mlango mwingine, nao ni mfuko wa mbolea. Na mfuko huo sisi tuliuona kwa macho yetu, mbali sana na hapa, mahali paitwapo Izia. Tuliyoyaona huko ndiyo hasa yaliyotufanya tuandike makala haya, maana yanatuhusu zaidi kuliko habari za dola.

Huenda wengi wenu hamjapata kulisikia jina hilo. Izia ni kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, mkoa wa Rukwa, katika uwanda wa juu wa Ufipa, upande ule ambao nchi inaelekea Zambia na Ziwa Tanganyika. Mwanachama mwenzetu mmoja amemwoza bintiye kwa mwalimu anayefundisha huko, na Novemba 2022 alikwenda kumtazama mjukuu. Akatuomba sisi wawili wa Kamati tumsindikize, kwani maisha yake yote hakuwa amepita Dar es Salaam. Tulishuka meli, tukapanda basi alfajiri, tukapita Morogoro na Iringa, tukalala Mbeya. Siku ya pili tukafika Tunduma, na kutoka hapo ni lami zaidi ya kilomita 200 mpaka Sumbawanga. Mji uko juu sana, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mwenzetu alikuwa amechukua kanzu mbili na kikoi. Usiku wa kwanza mkwewe alimvika koti lake, naye hakulivua mpaka siku ya kurudi.

Huko ni nchi ya mahindi, maharage, ulezi, alizeti na ngano. Miti ni michache, anga ni pana, na mashamba yanakwenda mpaka jicho linachoka. Tulikuta mvua za kwanza zimenyesha na watu wote wamo mashambani. Mzee mmoja, jirani wa mwalimu, alitueleza kilimo cha kale cha Wafipa. Hupiga matuta ya duara yaitwayo intumba, wakafukia nyasi ndani yake zioze, na msimu unaofuata huyasambaza na kupanda juu yake. Hiyo ndiyo mbolea ya mababu zao, na kwa kweli ni elimu kubwa. Lakini yule mzee alisema kuwa intumba hulisha nyumba tu. Tangu watu walipoanza kulima mahindi ya kuuza, ekari baada ya ekari, ardhi imezoea mbolea ya mfukoni, na sasa bila hiyo haitoi kitu cha kubeba sokoni.

Sasa fahamuni hali ya mbolea hiyo mwaka ule. Maradhi yalikuwa yamevuruga meli na viwanda duniani kote. Bei ya gesi, ambayo hutengenezewa mbolea ya urea, ilipanda. Oktoba 2021 China ilianza kuzuia mbolea yake isitoke nje. Na Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vikaanza, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, ambayo hutumika kupandia, ulifika shilingi 131,676, na urea, ambayo hutumika kukuzia, ilifika shilingi 124,714. Mkulima wa ekari moja anayetaka mfuko mmoja wa kila aina alitakiwa atoe zaidi ya shilingi 256,000 kabla ya mbegu, kabla ya kibarua. Na yote hayo alitakiwa ayafanye baada ya mwaka mbaya, kwani mwaka 2021 bei ya mahindi Rukwa ilianguka mno, hata Serikali ikabidi iongeze fedha kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ili wanunue kwa shilingi 500 kilo.

Basi tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais alizindua mjini Mbeya mpango wa ruzuku ya mbolea. Serikali ya Muungano ilitenga shilingi bilioni 150 kwa msimu ule. DAP ikashuka mpaka shilingi 70,000, na urea 70,000. Mkulima wa ekari moja sasa alitoa shilingi 140,000, na akabakiwa na zaidi ya shilingi 116,000 ambazo zingemtoka. Ukizipima kwa ile bei ya shilingi 500, ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi. Hiyo si nafuu ndogo, na haki tuiseme. (Kilimo si jambo la Muungano, kwa hiyo mpango huu ulikuwa wa Bara peke yake. Twataja kwa sababu tumekwisha ulizwa mara tatu.)

Lakini mkulima hakupewa fedha wala hati. Utaratibu ulikuwa hivi. Aliandikishwa kwa mtendaji wa kijiji chake au mtaa wake: jina, namba ya simu, ekari alizolima na zao lake. Akapewa namba yake. Namba hiyo akaipeleka kwa wakala wa mbolea, wakala akaitazama katika simu kama yumo na anastahili mifuko mingapi, akasoma alama iliyo juu ya mfuko kwa simu ile ile, na Serikali ikamlipa mwenye mbolea tofauti ya bei. Hivyo fedha zote zilipita juu ya kichwa cha mkulima, na yeye aliona mfuko tu.

Ule ulikuwa msimu wa kwanza, na taabu zake zilikuwa wazi. Tulimkuta wakala mmoja ambaye mlangoni kwake watu walikuwa wamelala tangu usiku, wanawake wamejifunika kanga na mablanketi, na saa tano mtandao ukakatika, wakakaa mpaka adhuhuri. Mawakala walikuwa wachache na wakulima wengi. Hayo, kwa maoni yetu, ni taabu za mwanzo, na mwanzo wa kila jambo ni mgumu. Lililotukaa moyoni ni jingine.

Jirani wa pili wa binti yetu ni mama mmoja mwenye watoto wanne. Jina lake hatulichapi. Tutamwita Mama wa Izia. Yeye hana shamba. Kwa mwaka wa nne mfululizo amekodi ekari mbili nje ya mji kwa bwana mmoja ambaye haishi Sumbawanga. Kodi hulipa kabla ya mvua, mbegu hununua yeye, jembe hushika yeye. Alipokwenda kujiandikisha aliambiwa kuwa ekari zile mbili zimekwisha andikwa kwa jina la mwenyewe, na ekari moja haiandikwi mara mbili. Mtendaji alimweleza kwa upole kwamba mpango haumkatazi mkodi. Lakini jina lililotangulia ndilo lililomo, na yeye hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba ndiye alimaye.

Hesabu yake ilikuwa hii. Kwa ekari mbili alihitaji mifuko minne. Kwa bei ya nafuu ni shilingi 280,000, nazo alikuwa nazo, alizipata kwa kuuza maharage. Kwa bei ya kawaida ni zaidi ya shilingi 510,000, nazo hakuwa nazo wala hakuwa na mtu wa kumkopa. Akampigia simu mwenye shamba. Bwana yule akasema hapana taabu: yeye atatoa namba, mama atachukua mifuko minne na kulipa zile 280,000, na wakati wa kuvuna atampa magunia mawili ya shukrani, mbali na kodi. Mama akakubali. Angefanyaje, na mvua imekwisha nyesha?

Usiku ule, baada ya ugali na maharage, tulijadiliana sana juu ya jambo hili. Mwenzetu, ambaye ana mikarafuu mingi na huikodisha karibu kila msimu, alisema bwana yule hana kosa: shamba ni lake, jina ni lake, na hakumlazimisha mtu. Mwalimu alisema kosa lipo, kwani Serikali ilikusudia kumsaidia mlimaji, na magunia mawili yale ni nafuu ya mlimaji iliyopita mlango wa nyuma. Sisi tulisikiliza. Hatukusema neno, kwa sababu wakati ule ule lilikuwa limetujia jambo ambalo halikuwa la Ufipa hata kidogo, nalo tutalieleza hivi punde.

Yule mzee wa intumba asubuhi yake alitukumbusha kwamba haya si mageni kwao. Baada ya bei za chakula na mbolea kupanda duniani mwaka 2008, Serikali ilileta vocha za pembejeo, na Rukwa ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kuzipata. Kila kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu, moja ya mbegu, moja ya mbolea ya kupandia na moja ya kukuzia, nazo zililipa yapata nusu ya bei kwa ekari moja. Wachaguaji walikuwa kamati ya kijiji, wanaume watatu na wanawake watatu. Wengi walinufaika. Lakini palikuwa na waliotia saini kwa mfuko ambao hawakuuona, na palikuwa na waliouza vocha kwa wakala kwa fedha kidogo kwa kuwa hawakuwa na nusu ile ya kuongeza. Na waliokwenda kulalamika waliulizwa neno moja tu: jina lako limo?

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulidhani ni maneno ya wenye maduka.

Sasa turudi kwetu, wanachama wapenzi. Nafuu ya mkulima wa karafuu kwa muda mrefu imekuwa bei. Shirika la Biashara la Taifa hutangaza bei ya msimu, ambayo miaka ile ya kabla ya maradhi ilikuwa shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, na anayefika kituoni na gunia lake kavu hulipwa. Bei haimuulizi mtu kama shamba ni lake, la babu yake, au amelikodi. Humfuata mwenye gunia. Lakini msaada, ruzuku, fidia, au jina lolote mtakaloliita, haumfuati mwenye gunia. Unamfuata mwenye jina. Na siku mikarafuu itakapokauka kwa maradhi, au kimbunga kikatupitia kama kile cha Aprili 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja, hakutakuwa na gunia la kupeleka kituoni. Litatakiwa jina.

Majina yetu yako wapi? Tuliporudi tulilifungua daftari la chama. Ukurasa wa kwanza tu tulikuta marehemu wengi kuliko walio hai, Mungu awarehemu. Wengi ni wale waliopewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Wametangulia mbele ya haki, na watoto wao ndio wapaliliao na wachumao, lakini hawamo daftarini, na katika nyumba nyingine hawajakubaliana nani aandikwe. Wanawake waliorithi hawamo, isipokuwa wachache sana. Wakodi wa msimu hawamo kabisa. Na tukiri na letu: sisi tunaoandika haya, tunaolipa ada kila mwaka na kupewa hata ukatibu, jina lililomo si letu. Ni la marehemu baba yetu. Tumekuwa tukikata stakabadhi kwa jina la maiti kwa mkono wetu wenyewe.

Hilo ndilo lililotujia usiku ule Izia, na ndiyo maana tulinyamaza.

Jambo zito zaidi ni la wakodi. Kamati imelijadili mara mbili na haikuafikiana, na ni haki mjue. Wapo wajumbe wasemao kwamba mkodi akiandikwa leo, kesho atadai mikarafuu. Hofu hiyo haikuanza jana. Visiwa hivi vinakumbuka madeni. Mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ilibidi izuie mashamba yasinadiwe na kuhamia mikononi mwa wadai, kwa jinsi wenye mikarafuu walivyokuwa wamezama katika rehani. Mtu ambaye babu yake alinusurika kunadiwa hawezi kuona jina la mgeni kando ya jina la shamba lake akalala usingizi. Twaelewa. Lakini tukumbuke pia kwamba amri ile iliwahusu wenye mashamba. Mchumaji aliyekosa kazi msimu ule hakuwa na karatasi ya kuzuiliwa.

Maoni yetu sisi, nayo si ya Kamati nzima, ni kwamba ugomvi huu unatokana na kuchanganya hasara mbili zisizofanana. Anayekodi mikarafuu kwa msimu hulipa fedha kabla hajachuma hata pishi moja. Huwalipa wachumaji yeye, huanika yeye, hubeba yeye. Mvua ikiharibu karafuu jamvini, au bei ikianguka, mwenye shamba amekwisha pata chake. Aliyeungua ni mkodi. Basi ikija fidia ya zao la msimu, haki ni ya mkodi. Lakini mti ukifa, msimu wa mkodi hupita akaenda zake, na mwenye shamba ndiye anayebaki akitazama kisiki miaka mingi mpaka mche mpya uzae. Ikija fidia ya miti, au miche, haki ni ya mwenye shamba, wala mkodi asiiguse. Kwa hiyo daftari lataka safu mbili: moja ya mwenye miti, ambayo haibadiliki ila kwa mirathi au kuuza, na moja ya mwenye zao la mwaka huu, ambayo hufutwa msimu ukiisha. Anayeandikwa safu ya pili hawezi kudai ya kwanza, na hilo litachapwa juu ya ukurasa kwa herufi kubwa. Wasioafiki na watuletee hoja zao kabla ya mkutano. Kurasa hizi ni zao pia.

Wapo pia watakaosema: kwa nini tujisumbue, na Serikali ikitaka majina si itayaandika yenyewe? Itayaandika. Lakini tuliyoyaona Sumbawanga ni kwamba wakati wa kuandikisha mvua huwa imekwisha karibia, mtendaji ni mmoja, na watu wana siku chache. Anayefika na karatasi huandikwa. Anayefika na maneno hurudishwa. Daftari la chama si amri kwa mtu yeyote, walakini ni karatasi, na sheha akiletewa orodha iliyotiwa saini na pande zote mbili tangu mwaka jana, ana pa kuanzia.

Mtauliza habari za Mama wa Izia. Binti yetu alitupigia simu mwaka 2023, ruzuku ilipoendelea kwa msimu wa pili. Mama yule safari hii alikwenda kwa mwenye shamba mapema, kabla ya kulipa kodi, akamwambia kwamba hatalipa mpaka waandikiane. Bwana yule alinung'unika, kisha akakubali, kwa sababu shamba lisilokodiwa halimzalii kitu. Wakaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, karatasi moja ya daftari la skuli, na kwa karatasi hiyo ekari mbili ziliandikwa kwa jina la mama. Alinunua mifuko yake minne mwenyewe. Yale magunia mawili ya mwaka wa kwanza, hata hivyo, alikuwa amekwisha yatoa, wala hayakurudi.

Sasa la vitendo. Daftari jipya litafunguliwa ofisini petu kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, kuanzia Jumamosi ya kwanza baada ya kutoka gazeti hili, mpaka siku ya Mkutano Mkuu. Kila mwanachama aje na kitambulisho chake na stakabadhi ya mwisho ya ada. Aliyerithi aje na ndugu mmoja walau, ili pasiwe na maneno baadaye. Na nyumba ambayo ndugu hawajaafikiana, waandikwe wote, mbele yake tutaandika "mirathi haijagawiwa", wala hatutamfuta mtu. Wanawake waliorithi waje wenyewe. Hatutapokea jina la bibi lililoletwa na mumewe au kaka yake bila yeye kuwapo. Mwenye kukodisha na mwenye kukodi waje pamoja, waandikiane mbele yetu, kila mmoja achukue nakala. Safu ya pili haitatumika kwa jambo lolote mpaka Mkutano Mkuu uipigie kura.

Katibu ataandikwa wa kwanza, na jina la marehemu baba yetu litapigwa mstari kwa wino mwekundu mbele ya yeyote atakayekuwapo saa hiyo. Ada ni ile ile, haikuongezwa. Wasiojua kuandika watasaidiwa, na wasioweza kutembea watupelekee habari kwa mjumbe wa mtaa wao, tutakwenda nyumbani kwao siku za Jumapili.